Gauni la Wino Mwekundu

Sauti iliyonitisha kwanza ilikuwa ya kiatu kigumu kikigonga jiwe. Mbele ya nyumba yetu, katika kijiji cha ujamaa kilichokuwa juu kidogo ya Nyamiaga, baba alikuwa amepanga mawe bapa ili tusikanyage tope la masika. Watu wetu walipita juu ya mawe hayo kwa miguu mitupu au kwa makatambuga ya tairi, na yote mawili hayana kelele. Kiatu kigumu kilikuwa cha mtu wa wilaya. Tangu baba achukuliwe pamoja na wanamgambo wengine kwenda kupigana na jeshi la Amin, kiatu cha namna hiyo kilikuwa na kazi moja tu kijijini: kuleta habari. Mama alikuwa akimenya ndizi. Alisimamisha kisu kati ya ganda na nyama, akanitazama, wala hakuniambia nikafungue mlango.

Aliyeingia alikuwa Mwalimu. Alivaa viatu vya mchuchumio, gauni la waridi lenye marinda, na utepe mpana kichwani, umefungwa kama wanavyofungwa wasichana siku ya kipaimara. Alikuwa mwanamke mzima, na ndiye aliyetufundisha hesabu na siasa.

"Mwarimu," mama alisema alipopata pumzi, "umetuua kwa viatu."

"Basi fufukeni, Mama Adera. Sikuleta kifo. Nimesikia shemeji yako alionekana jana akipima migomba yako kwa hatua. Nipe kiti."

Shemeji huyo ni baba yangu mdogo. Ili yanayofuata yaeleweke, ni lazima niseme jambo moja sasa. Asubuhi aliyoondoka, baba alimkabidhi mama mundu wa kukatia mikungu, mbele ya balozi wa nyumba kumi, akasema: "Migomba hii ni yako na ya mtoto." Waliosikia walikuwa watatu: balozi, mama na mimi. Habari ya kifo cha baba ilifika baadaye, ikaletwa na mtu aliyevaa raba. Hatukumsikia akija.

Nimejaribu kumwandika Mwalimu mara nyingi, na kila mara nimeharibu. Katika rasimu ya tasnifu yangu, inayohusu wajane na ardhi, nilimpa aya mbili. Msimamizi wangu aliandika pembeni kwa penseli: "Mtu huyu anajipinga. Amua ni yupi." Nimekaa na maneno hayo muda mrefu kuliko inavyostahili. Nilifuta utepe, akabaki mwanaharakati ambaye mama yangu asingemtambua. Nikarudisha utepe na kufuta vikao alivyowasemea wanawake, akabaki mwanamke mpenda mapambo, wa aina ambayo kila kijiji huwa na mmoja na huwa na jina la kumwitia. Hapa sitaamua. Nitaweka nilivyoviona.

Alipenda marinda, lesi, vifungo vidogo vinavyong'aa, poda, na hereni zenye umbo la ua. Alipenda kubebewa mkoba. Mwanaume yeyote aliyeongozana naye kutoka shuleni alijikuta anaushika, hata mwalimu mkuu, na tulipomcheka alitujibu kwa utulivu kabisa: "Mzigo wa maisha nitabeba mwenyewe. Mkoba abebe yeye." Kioo chake hakumwazima mtu. Mvua ilipomharibia gauni siku ya mahafali alilia mchana kutwa, naye hakudondosha chozi alipopitwa kwenye ualimu mkuu kwa ajili ya mtu aliyekuwa mwanafunzi wake.

Shuleni kwetu wavulana walifagia na kuchota maji, na wasichana walipanda paa kubadilisha nyasi zilizooza. Wazazi walilalamika. Mzee mmoja alikuja kuuliza kama ni kweli binti yake alionekana juu ya nyumba kama paka.

"Ni kweli," Mwalimu alimjibu, "na sehemu aliyoezeka yeye haivuji."

Yeye mwenyewe hakupanda. Aliogopa urefu, na tulijua. Alisimama chini ameshika ngazi kwa ncha za vidole, kucha zake zikiwa zimepakwa rangi, akitoa amri huku macho ameyafumba.

Kwenye shamba la kijiji, rimu la gari lilipogongwa asubuhi kutuita kazini, alikuja na buti za mpira, na pindo la gauni amelibana kwa pini kiunoni. Mwenyekiti wa kijiji hakuchoka kumchokoza.

"Mwarimu, umekuja kulima au kuolewa?"

"Kulima, Mwenyekiti. Kwa kuolewa ningevaa vizuri zaidi."

Watu waliinama kwenye majembe yao ili wacheke bila kuonekana. Lakini si wote waliocheka. Vijana wa chama walisema mapambo yale ni masalia ya ubepari. Wanawake, na hawa ndio walionisumbua zaidi nilipokua, walisema anajipendekeza kwa wanaume, na kwamba mwenye kudai haki hujulikana kwa kuwa hana muda wa poda. Mama mmoja mwenye cheo, aliyetoka wilayani kututembelea, alimwambia mbele yetu: "Dada, huwezi kudai usawa na utepe kichwani." Mwalimu aliugusa utepe kama anayehakikisha kwamba bado upo. "Nimeufunga kichwani, dada. Mdomoni sijafunga kitu."

Na alipiga goti. Jambo hili ndilo lililomshinda msimamizi wangu. Wanawake wa kwetu humwamkia mzee kwa kupiga goti, na hakuna aliyelipiga vizuri kama Mwalimu. Alishuka polepole, mgongo umenyooka, marinda yakitandaza duara kumzunguka, mikono miwili mbele. "Shikamoo, Mzee." Alisubiri marahaba mpaka imalizike. Kisha aliinuka, akapangusa magoti, na kumpinga mzee huyohuyo neno kwa neno. Nilimuuliza mara moja kwa nini asianze na hoja. Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini mtu aoshe sahani kabla ya kupakua.

"Nikimheshimu kwanza, atakosa pa kushika. Hawezi kusema nimemkosea adabu. Atabaki na hoja yangu tu, na hoja yangu ndiyo asiyoitaka."

Vita vilipokwisha, maduka yalikuwa matupu. Duka la kijiji lilikuwa na viberiti na harufu ya sabuni, bila sabuni yenyewe. Kitambaa hakikuwepo. Mama zetu walivaa viraka, na kwa mara ya kwanza Mwalimu alikuja darasani na gauni lililokwanyuka begani. Nadhani wengi waliona kwamba jambo limejimaliza lenyewe, kwamba umaskini umemfundisha kilichowashinda wao. Haukumfundisha. Alipata mifuko ya pamba iliyokuja na unga wa msaada, akaifumua, akaichemsha na majivu ili kuondoa maandishi, akaishona kwa mkono mpaka ikawa gauni lenye marinda kama zamani. Rangi ilitoka kwenye chupa ya wino mwekundu wa kusahihishia madaftari. Wino kidogo, maji mengi na chumvi, ikatoka waridi.

Gauni lile lilichuja. Alipotoka jasho shingo yake ilibadilika rangi, na nyuma, ukitazama kwa makini, maandishi ya mfuko yalionekana bado kwa mbali, ukungu wa herufi za nchi nyingine. Muhula ule madaftari yetu yalisahihishwa kwa penseli.

Yaliyofuata nilikuwapo. Wasichana wachache tulikwenda kwake alasiri kujifunza kushona, na nilikuwa ndani nikifuma ukingo wa kitambaa wakati mwenyekiti alipokuja na kuketi barazani. Ukuta ulikuwa wa miti na udongo. Hakukuwa na haja ya kutega sikio. Kesi ya mama ilikuwa imepangwa kwenda mbele ya halmashauri ya kijiji. Baba mdogo alikuwa ameomba moja kati ya mawili: mama arithiwe naye, au arudi kwao Bukiriro na kuacha shamba. Mama alikataa yote, na Mwalimu ndiye angesema kwa niaba yake.

"Mwarimu," mwenyekiti alianza, "wino wa shule ni mali ya nani?"

"Ya umma."

"Na gauni hili?"

"Langu."

"Mimi naona umma umekukaa kifuani."

Alikuwa mtu mcheshi, sitamnyima hilo. Mwalimu alicheka kidogo, kisha hakucheka.

"Unataka nini, Mwenyekiti?"

"Sitaki ubaya. Mambo ya wino naweza kuyasahau. Lakini kwenye kikao njoo umevaa kama mtu mzima. Khaki, kitambaa kichwani, basi. Wazee wanakuona wanaona sikukuu, hawasikii unachosema. Kinachowazuia ni gauni tu."

"Nikivaa khaki, Mama Adera atasikilizwa?"

"Nimekwambia, ni gauni tu."

Alipoondoka, Mwalimu aliingia ndani na kukaa kwenye mkeka pamoja nasi, jambo ambalo hakuwa akilifanya, kwa sababu mkeka huchafua. Alichukua kazi yangu mkononi na kuanza kufumua mishono niliyoikosea. Sikujua wakati ule alikuwa akipima nini. Sasa najua, kwa kuwa nimekaa kwenye mkeka wa namna hiyo: akibaki na gauni, mjane anapoteza na yeye analaumiwa, akilivua, anakiri kwamba walikuwa na haki siku zote. Pande zote mbili mlango ulikuwa mmoja, na aliyeushika alikuwa mwenyekiti.

Siku ya kikao hatukumsikia akija. Alivaa sketi na shati la khaki aliloazima, kitambaa cheusi kichwani, makatambuga miguuni. Mama alimtazama, akatazama chini. Mwalimu alipiga goti, lakini sketi ile ilikuwa finyu na goti halikutoka vizuri. Ilimbidi ashike ardhi kwa mkono ili ainuke. Alieleza habari ya mundu. Aliomba balozi athibitishe. Balozi alisema asubuhi ile kulikuwa na watu wengi na maneno mengi. Mwalimu akaomba mimi niulizwe.

"Watoto hawasemi kikaoni," alisema mwenyekiti.

"Basi msikieni mama yake."

"Tumekusikia wewe, Mwarimu. Mbona unagombeza?"

"Sigombezi, Mzee."

"Sauti yako inagombeza," alidakia mzee mwingine. "Na wewe huna mume. Shamba la ukoo utalijulia wapi?"

Wakaamua. Shamba liandikwe jina la baba mdogo, kwa niaba ya marehemu. Mjane akae hapo kwa hisani.

Habari ya wino ilifika wilayani vilevile, na kabla ya muhula kwisha Mwalimu alihamishiwa Biharamulo. Asubuhi ya kuondoka, lori likimsubiri barabarani, aliacha njia yake na kupanda hadi kwetu. Alivaa waridi. Alipita juu ya mawe ya baba mara moja kwenda na mara moja kurudi, taratibu, akikigonga kila kiatu. Hakuingia ndani. Mama alisikiliza mpaka sauti ikaisha, kisha akaendelea kumenya.

Neno hisani ni zuri likiandikwa. Katika nyumba yetu lilikuwa hivi: mkungu ukikomaa, mama aliniambia, "Adera, nenda kamuulize baba yako mdogo kama tunaweza kukata ule mkubwa." Nilikwenda. Naye alisema, "Kateni, mwanangu, kwani ni wa nani?" Hakukataa hata mara moja. Laiti angekataa, tungekuwa na mtu wa kugombana naye. Alikuwa mpole. Nilipofaulu kwenda sekondari alinibebea sanduku kichwani hadi kituo cha basi, akasimama mpaka basi likaondoka. Ninamwita Baba, na simwiti hivyo kwa adabu tu. Lakini mundu ulining'inia ukutani kwetu miaka yote, na mama hakuushika kabla ya mimi kurudi na jibu.

Sasa Baba anauza. Tangu njia ya kwenda Benaco, kuelekea mpaka wa Rwanda, ichangamke, ardhi ya kule imepata wanunuzi, naye amempata mfanyabiashara. Amemwahidi mama chumba nyuma ya nyumba yake mjini Ngara. Mama, ambaye ameomba ruhusa ya ndizi nusu ya maisha yake, alivaa kitenge chake, akaenda mahakama ya mwanzo na kufungua shauri bila kuniuliza. Kisha akanitumia ujumbe: njoo useme ulichosikia. Balozi amekufa. Ukimwacha mama mwenyewe, aliyebaki ni mimi.

Nilisafiri na mkoba wenye nguo za namna mbili. Suti ya kijivu na viatu bapa, ambavyo msimamizi wangu alinishauri kwa kila mahali nitakapotaka kuaminiwa. Chini yake, limekunjwa ndani ya gazeti, gauni la waridi nililoshonewa na fundi wa Kariakoo, na viatu vya kisigino ambavyo sijawahi kuvivaa nje ya chumba changu. Ninapenda waridi. Nimechukua muda mrefu kuandika sentensi hiyo fupi. Njia nzima nilijadiliana: nikivaa waridi wataniona mtoto, na mtoto hasemi kikaoni, nikivaa kijivu nitakuwa nimerudia khaki. Na chini ya mjadala wa nguo, nilijua, kulikuwa na mwingine niliokuwa naukwepa: kama nitasimama kabisa.

Biharamulo nilishuka. Mwalimu anakaa chumba cha uani nyuma ya duka la fundi cherehani. Magoti yamemchoka na macho yamefifia. Kucha alikuwa amezipaka mwenyewe na rangi ilikuwa imevuka mipaka hadi kwenye nyama ya vidole. Miguuni alivaa ndara. Viatu vya mchuchumio vilikuwa juu ya kabati, vimepakwa mafuta, vikitazama mlango. Nilipiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa. Ni nani?"

"Adera."

"Wa mundu," alisema mara moja.

Nilimweleza yote, pamoja na mkoba. Nilieleza kwa mpangilio, hoja na pingamizi zake, kama nilivyozoea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Umesoma miaka yote hii uje kuniuliza nguo?"

"Sijui nivae nini ili wanisikie."

"Mwanangu, waliniambia tatizo ni gauni. Nikalivua. Tatizo likawa sauti. Ningenyamaza, lingekuwa kwamba sina mume. Ningeolewa siku ileile, wangemuuliza mume." Alitafuta kona ya kanga yake, akajifuta jicho moja, lile linalotoka maji lenyewe. "Kushindwa nimeshazoea, sijutii hilo. Najutia kwamba siku ile hawakunishinda mimi. Walimshinda mwanamke niliyemwazima nguo. Mimi nilikuwa nimebaki nyumbani, juu ya msumari."

"Kwa hiyo nivae waridi?"

"Sijasema hivyo. Kama unapenda kijivu, vaa kijivu. Unapenda kijivu?"

"Hapana."

"Basi umejibu, tuache nguo. Baba yako mdogo anajua unakuja kusema nini?"

Niliinama kufunga mkoba.

"Anajua?"

"Hajui. Anafikiri naja kumpatanisha na mama."

Hapo ndipo alipokasirika, kwa sauti ileile ya darasani. "Utasimama kumpinga mtu aliyekubebea sanduku, na atalisikia pamoja na watu? Goti kwanza, Adera. Kisha hoja. Nenda pale mbele, fundi ana simu."

Nilibadilisha nguo nyuma ya pazia lake. Aliomba alishike pindo, akalisoma kwa vidole, akasema mshono wa fundi wangu ni mbaya.

Simu ilikuwa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Fundi alinipigia namba ya duka la Baba, akanipa mkono wa simu na kurudi kwenye cherehani yake bila kuikanyaga, ili asikie vizuri. Iliita muda mrefu. Niligundua magoti yangu yamekunjika yenyewe, kidogo, pale niliposimama.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umefika wapi?"

"Biharamulo. Baba, nimepiga ili usilisikie mahakamani kwanza. Nitasimama upande wa mama. Nitasema alichosema baba siku aliyomkabidhi mundu."

Kwa upande wake kulikuwa na redio. Akaizima.

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa mtoto, Baba. Nilisikia."

"Nilikubebea sanduku lako kichwani, Adera."

"Ulinibebea. Na hilo nitalisema."

Nilisikia kiti kikivutwa upande wake. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta kitu kidogo cha kushika.

"Basi angalau uvae kama mtu mzima. Watu wasije wakanicheka kwamba nimeshtakiwa na mtoto."

"Nimevaa waridi, Baba," nilisema. "Na viatu vigumu. Utanisikia nikija."